Vipimo vya Uzazi vya Nyumbani na Kanuni ya Adhabu: Nani Anajua, Nani Anaamua

Katika maduka ya dawa ya Mwanjelwa, Makambako au Mafinga, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kipimo cha mimba cha mkojo huuzwa bila cheti cha daktari na bila maswali mengi. Mnunuzi huondoka nacho mkobani, na kesho yake asubuhi, kwa matone machache ya mkojo na dakika chache za kusubiri, anakuwa amepata habari ambayo bibi yake aliipata kwa kungoja miezi. Simu nayo ina programu zinazohesabu siku za hatari, na kwa wenye uwezo zaidi kuna vijiti vya kupima kupevuka kwa yai, vipimajoto vya asubuhi, hata vifaa vya kupima mbegu za mwanaume bila kwenda maabara. Vyote vinauzwa kwa ahadi moja, kwamba mwanamke atajua mapema na kwa faragha, na kwamba akishajua ataamua. Nusu ya kwanza ya ahadi hiyo kwa sehemu kubwa ni kweli. Nusu ya pili inategemea mambo ambayo hayamo ndani ya kasha: sheria, zahanati, mwalimu, mama mkwe, na yeyote anayejua namba ya siri ya simu.

Tuanze na kipimo chenyewe, kwa sababu watu hukitarajia kiseme zaidi ya kinachoweza kusema. Siku 6 hadi 12 hivi baada ya yai kurutubishwa, kiinitete hujishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi na mwili huanza kutoa homoni iitwayo hCG, ambayo hupitia kwenye damu hadi kwenye mkojo. Kijiti kina kingamwili zinazoikamata homoni hiyo na kufanya mstari wa pili uonekane. Ndiyo maana anayepima kabla hedhi haijachelewa, au aliyekunywa maji mengi, anaweza kuona mstari mmoja ilhali mimba ipo. Kabla ya vijiti, kuanzia miaka ya 1930, maabara zilimtumia chura wa kusini mwa Afrika aitwaye Xenopus laevis: alidungwa mkojo wa mwanamke, na akitaga mayai katika saa zilizofuata, jibu lilikuwa ndiyo. Jibu hilo lilikuwa mali ya maabara, kisha ya daktari, na mwenye mwili wake alikuwa wa mwisho kuambiwa. Mwaka 1967 Margaret Crane, msanifu aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Organon nchini Marekani, alibuni kifaa ambacho mwanamke angeweza kukitumia peke yake nyumbani. Wakubwa wa kampuni hawakukifurahia, maana madaktari ndio waliokuwa wateja wao. Kifaa cha aina hiyo kilianza kuuzwa Kanada mwaka 1971, na Marekani kikafika madukani mwaka 1977.

Mistari miwili, hata hivyo, haisemi mimba ina umri gani wala imekaa wapi. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi huonyesha mistari miwili kama nyingine yoyote, na inaweza kupasua mrija na kumwaga damu tumboni kabla mwenyewe hajafahamu kinachoendelea. Aliyepima kwa siri na akaendelea kunyamaza na maumivu ya upande mmoja wa tumbo yuko katika hatari ambayo kijiti hakiwezi kumwonya. Hapo faragha, ambayo ndiyo sifa kuu ya kipimo cha nyumbani, inageuka kuwa upweke.

Jambo la pili linalowachanganya wengi ni hesabu ya wiki. Wahudumu wa afya huhesabu umri wa mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani kama wiki mbili kabla yai halijarutubishwa. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 anayepima siku ile ile hedhi inapokosekana anahesabiwa kuwa na mimba ya wiki 4, ingawa kiinitete chenyewe hakijatimiza nusu ya mwezi. Katika majimbo ya Marekani yaliyoweka kikomo cha wiki 6, Georgia likiwa mojawapo, maana yake ni kwamba baada ya kukosa hedhi mtu ana takriban siku 14 za kugundua, kufikiri, kutafuta nauli na kupata miadi. Huko ndiko vipimo vya nyumbani vilikopata uzito mpya baada ya Mahakama Kuu ya nchi hiyo, tarehe 24 Juni 2022, katika shauri la Dobbs, kuamua kwamba katiba yao hailindi haki ya kutoa mimba na kuyarudishia majimbo uamuzi huo. Pale sheria inapohesabu siku, kujua siku tano mapema kunaweza kubadili kila kitu.

Sheria yetu haihesabu siku kwa namna hiyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo msingi wake uliwekwa na wakoloni mwaka 1930 na ambayo maneno yake katika eneo hili yanafanana sana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1861, ina vifungu vitatu vinavyofuatana. Kifungu cha 150 kinamhusu anayetenda jambo kwa nia ya kuharibu mimba ya mwanamke, awe na mimba kweli au asiwe nayo, na adhabu yake inafika miaka 14. Kifungu cha 151 kinamhusu mwanamke mwenyewe mwenye mimba, miaka 7. Kifungu cha 152 kinamhusu anayetoa dawa au kifaa akijua kitakachofanyiwa, miaka 3. Kisha, mbali kidogo na hapo, kuna kifungu cha 230, ambacho kinamwondolea hatia anayefanya, kwa nia njema na kwa uangalifu na ustadi wa kutosha, upasuaji kwa ajili ya kuokoa maisha ya mama.

Hapo ndipo fundo lilipo. Watu wengi, wakiwemo baadhi ya wahudumu wa afya, wanaamini kwamba sheria ya Tanzania inakataza moja kwa moja, pasipo mlango wowote, na imani hiyo inafanya kazi kana kwamba ndiyo sheria. Lakini mlango upo, ila haukuchorwa vizuri. Mwaka 1938 mahakama moja ya London, ikimsikiliza daktari Aleck Bourne aliyemsaidia msichana wa miaka 14 aliyebakwa na askari, ilikubali kwamba kuokoa maisha ya mama kunaweza kujumuisha kumlinda asiharibikiwe kabisa kimwili au kiakili. Na mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Mehar Singh Bansel, ilitambua msimamo huo. Zaidi ya hapo, Tanzania iliridhia mwaka 2007 Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo ibara yake ya 14 inazitaka nchi ziruhusu utoaji mimba wa kitabibu katika hali za ubakaji, kujamiiana kwa maharimu, na pale mimba inapohatarisha afya ya akili au ya mwili ya mama au maisha yake. Ibara hiyo haijaingizwa katika Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo daktari wa Njombe anayesoma kifungu cha 230 anaona neno upasuaji na neno maisha, na hakuna mahali panapomweleza yafanyike nini kuhusu vidonge vya kutoa mimba ambavyo mwaka 1930 havikuwako. Mwenye busara ya kawaida, akiwa na leseni ya kupoteza, hukaa upande wa kukataa.

Kinachostahili kurudiwa kwa sauti, maana kinaokoa watu leo hii bila kubadili hata nukta ya sheria, ni kwamba kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imekwisha haribika si kosa. Huduma baada ya mimba kuharibika ni sehemu ya kawaida ya huduma za serikali, na inatolewa iwe mimba ilitoka yenyewe au la. Kwa macho ya tiba, mara nyingi hakuna namna ya kuzitofautisha. Mama anayevuja damu Chunya au Kilolo hahitaji kwanza kueleza kisa chake ndipo atibiwe, na mhudumu anayemhoji kama askari anachelewesha tiba ambayo kila dakika yake ina thamani.

Ukubwa wa jambo hili katika nyanda za juu kusini si wa kudhania. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Chuo Kikuu cha Muhimbili na Taasisi ya Guttmacher walikadiria kwamba mwaka 2013 zilitolewa mimba zipatazo 405,000 nchini, sawa na 36 kwa kila wanawake 1,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Kwa kanda, Kanda ya Ziwa ilikuwa na 51 na Nyanda za Juu Kusini 47, huku Zanzibar ikiwa na 11. Ni makadirio, na yamepita miaka kadhaa, lakini yanatosha kuonyesha kwamba makatazo na wingi wa utoaji vinaweza kukaa nyumba moja.

Sasa tugeukie upande wa kuzuia, ambako teknolojia ya nyumbani inatangazwa kwa sauti kubwa zaidi. Mbegu za kiume huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, na yai lililopevuka huishi saa 12 hadi 24, kwa hiyo katika kila mzunguko kuna siku 6 hivi ambazo mimba inaweza kuingia. Njia zote za nyumbani zinajaribu kuzikamata siku hizo. Shanga za mzunguko, zilizotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Georgetown, huweka alama siku ya 8 hadi ya 19 kuwa siku za hatari, na zinamfaa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32 tu. Vijiti vya mkojo vya homoni ya LH hutoa ishara saa 24 hadi 36 kabla ya yai kutoka, jambo linalomsaidia anayetafuta mtoto kuliko anayemkwepa, kwa sababu mbegu za juzi tayari zimo ndani. Kipimajoto huonyesha ongezeko dogo, chini ya nusu ya digrii, baada ya yai kutoka, yaani habari inafika wakati mgeni ameshaondoka.

Halafu kuna maisha yenyewe. Kipimajoto kinataka mtu apime mara tu anapoamka, saa ile ile kila siku, akiwa amelala usingizi wa kutosha; mama wa Rungwe anayeamka alfajiri kukamua ng'ombe, au mchuma chai wa Mufindi mwenye mtoto mchanga anayelia usiku, hana saa ile ile. Homa huvuruga usomaji, na ukitoka ubaridi wa Makete ukashuka hadi Kyela au bonde la Usangu, malaria ni jirani wa kila siku. Vijiti vingi vinatakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 30, kiwango ambacho duka la bati kando ya Ziwa Nyasa hukivuka mchana. Wasichana katika miaka ya kwanza ya hedhi, na wanawake wenye tatizo la vifuko vingi kwenye ovari, wana mizunguko isiyotabirika, na kwa hao wa pili kijiti cha LH kinaweza kuonyesha ishara pasipo yai lolote kutoka. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 31 ya wanawake walioolewa wakitumia njia za kisasa za uzazi wa mpango na asilimia 7 njia za asili. Hao wa mwisho, na wengi wasiotumia chochote, ndio ambao programu ya simu inawafikia kwanza kwa kuwa haidai kwenda kliniki wala kumweleza mume.

Kisa kimoja cha Ulaya kinaonyesha suala hili kwa uwazi kuliko hoja nyingi. Programu ya Natural Cycles, iliyobuniwa Uswidi na kuruhusiwa Marekani mwezi Agosti 2018 kama njia ya kuzuia mimba, inachanganya joto la asubuhi na hesabu za kompyuta. Kwa matumizi ya kawaida wanawake 7 kati ya 100 hupata mimba katika mwaka mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2017 hospitali moja ya Stockholm iligundua kwamba kati ya wanawake 668 waliofika kutoa mimba, 37 walikuwa wakiitegemea programu hiyo. Kukawa na malalamiko, mamlaka ya dawa ya Uswidi ikachunguza, na ikaona kwamba idadi hiyo haikuzidi kiwango kilichotangazwa. Kwa takwimu, sawa. Lakini hao 37 walikuwa katika nchi ambayo mwanamke anaweza kutoa mimba kwa uamuzi wake hadi wiki ya 18, hospitalini, mchana kweupe. Saba kati ya mia ni saba kati ya mia Stockholm na ni saba kati ya mia Mbalizi. Kinachotofautiana ni gharama ya kuwa miongoni mwa hao saba, na gharama hiyo haiandikwi kwenye tangazo la programu. Kwa maoni yangu, kifaa chenye kiwango hicho cha kushindwa kinapouzwa mahali penye sheria kali, muuzaji ana wajibu wa kusema neno hilo waziwazi.

Programu pia huandika. Tarehe za hedhi, hedhi iliyokosekana, hedhi iliyorudi baada ya wiki tisa: mfululizo huo ni maelezo ya kutosha kwa mtu anayetaka kudhania. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na kampuni ya programu ya Flo, baada ya kuituhumu kwamba ilizipelekea kampuni nyingine, Facebook ikiwemo, taarifa za afya za watumiaji ilioahidi kuwatunzia siri. Tangu Dobbs, wanawake wengi wa huko walifuta programu za namna hiyo kwa hofu ya polisi. Hofu ina msingi, lakini shirika la wanasheria liitwalo If/When/How lilipochambua kesi 61 za watu waliochunguzwa au kukamatwa kati ya mwaka 2000 na 2020 kwa tuhuma za kujitoa mimba au kumsaidia mtu kufanya hivyo, liligundua kwamba asilimia 39 ya kesi za watu wazima ziliripotiwa na wahudumu wa afya, na asilimia 26 na watu wa karibu. Simu huja baadaye, kama ushahidi wa kile ambacho mdomo wa mtu umeshakisema.

Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada, ingawa seva za programu nyingi ziko ng'ambo. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawapa polisi uwezo mpana wa kupekua na kuchukua vifaa. Hata hivyo, jicho la kwanza kwa mwanamke wa Uyole au Ilula si la kampuni wala la polisi. Ni la mume anayefungua simu, la wifi anayekuta kasha kwenye takataka, la muuza dawa anayemjua mama yake. Ushauri wa kufuta programu ni mzuri, ila daftari la karatasi lililofichwa vibaya lina hatari ile ile.

Jicho jingine ni la shule. Kwa miaka mingi wanafunzi wa kike katika shule nyingi nchini walipimwa mimba kwa lazima, mara nyingi kwa kijiti hiki hiki tunachokisifu kwa faragha, na aliyekutwa nayo alifukuzwa kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2002. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wanaweza kurudi darasani, na mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto ilielekeza Tanzania ikomeshe upimaji huo wa lazima. Teknolojia ni ile ile kabisa. Mkononi mwa binti anayejipima ni habari yake. Mkononi mwa matroni ni hukumu.

Kuna wanaotumia vipimo hivi kwa shauku iliyo kinyume, nao hawazungumzwi sana. Mwanamke aliyekaa miaka mitatu kwenye ndoa bila mtoto hupimwa na macho ya kila mtu kwenye kikao cha ukoo, na kijiti cha LH kinaweza kumsaidia kujua siku za kujaribu. Lakini sababu ya kutopata mtoto inatoka upande wa mwanaume, peke yake au pamoja na wa mwanamke, katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hilo, na kifaa cha nyumbani cha mbegu, kinachohesabu idadi tu bila kuangalia vizuri umbo na mwendo, angalau kinaanzisha mazungumzo ambayo baba mkwe asingeyaruhusu. Upande huu nao hauko mbali na sheria za utoaji mimba. Februari 2024 Mahakama Kuu ya jimbo la Alabama iliamua kwamba viinitete vilivyogandishwa maabara vinahesabiwa kuwa watoto chini ya sheria ya vifo vya watoto, na kliniki kadhaa zikasimamisha matibabu ya kupandikiza mimba hadi bunge la jimbo lilipopitisha kinga ya kisheria kwa kliniki hizo mwezi uliofuata. Fikra ile ile inayotumika kumzuia anayekataa mimba ilimfungia mlango anayeililia.

Kwa nyanda za juu kusini, kielelezo bora cha kipimo cha nyumbani kilichopangwa vizuri tunacho tayari, nacho ni cha VVU. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye maambukizi makubwa zaidi nchini. Utafiti wa 2022-2023 ulikuta asilimia 12.7, 11.1 na 9.6 ya watu wazima wa mikoa hiyo, kwa mfuatano huo, wakiishi na VVU. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa ili kuruhusu mtu kujipima mwenyewe, na umri wa kuridhia kupimwa bila mzazi ukashushwa kutoka miaka 18 hadi 15. Serikali iliamini kwamba kijana wa Makambako anaweza kubeba habari nzito peke yake chumbani, kwa sababu nyuma ya kipimo kulikuwa na njia: jibu lina maelekezo, maelekezo yana kituo, kituo kina dawa za bure. Kipimo cha mimba huuzwa bila njia hiyo. Karatasi iliyomo ndani mara nyingi ni ya Kiingereza, na inaishia kwenye ushauri wa kumwona daktari.

Mkoa jirani wa Ruvuma ndiko maduka ya dawa muhimu yalikoanzia mwaka 2003, kwa wazo kwamba muuzaji wa kijijini akifundishwa vizuri anakuwa mkono wa kwanza wa huduma. Muuzaji huyo anaweza leo, bila kuvunja kifungu chochote, kumwambia anayenunua kijiti arudie kupima baada ya wiki moja kama jibu ni hapana na hedhi bado haijaja. Aende kituo cha afya haraka akisikia maumivu makali ya tumbo au kizunguzungu hata kama hajamweleza mtu. Na ajue kwamba akivuja damu atatibiwa, awe amefanya lolote. Kitengo cha Wazazi cha Meta, hapo Mbeya mjini, na hospitali za rufaa za mikoa huwapokea wagonjwa wa namna hiyo usiku na mchana. Maelezo hayo yanachukua dakika mbili, nayo hayajachapishwa kwenye kasha lolote linalouzwa Mwanjelwa.